Tangazo Langoni mwa Jirani: Kiswahili na Maombi ya Ujenzi Mitaani

Tangazo lenyewe huonekana mara kwa mara katika kurasa za nyuma za magazeti ya Kiingereza nchini Kenya, likiwa limebanwa baina ya mnada wa magari na hatimiliki iliyopotea. Herufi zake ni ndogo mno. Lasema, kwa Kiingereza cha mawakili, kwamba mwenye ploti nambari fulani, iliyo kando ya barabara fulani, anakusudia kubadilisha matumizi ya ploti hiyo kutoka makazi ya familia moja hadi nyumba za ghorofa, na kwamba yeyote mwenye maoni au pingamizi ayawasilishe kwa maandishi kwa serikali ya kaunti katika muda wa siku 14. Wakati mwingine bango lenye maneno yayo hayo huchomekwa langoni mwa ploti, nusu yake ikiwa imefunikwa na ua wa michongoma. Siku hizo zikipita, jirani huja kuarifiwa na tingatinga.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ukuta hujengwa na mwingine, na anayekosa jua, faragha na maji ya mfereji ni yule ambaye hakujua kwamba palikuwa na ufa wa siku 14. Makala haya yanashikilia kwamba kufuatilia maombi ya ujenzi karibu na makazi ya mtu ni suala la lugha kabla halijawa suala la sheria, na kwamba wasomi wa Kiswahili wameliachia mawakili jambo ambalo kwa haki ni lao.

Sheria yenyewe si haba. Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inakataza mtu kuendeleza ardhi katika kaunti bila idhini. Anayekaidi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Anayeomba idhini anatakiwa auarifu umma kuhusu mradi wake, na arifa hiyo iwaalike wananchi kuwasilisha pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Uamuzi ukishatolewa, mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi katika jambo hilo ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti, na baadaye anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuna kifungu kingine ambacho watu wachache mitaani wamekisikia: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, huchukuliwa kwamba amekubaliwa. Kimya cha afisi ni idhini. Kimya cha jirani, ingawa sheria haikutamka hivyo, huishia kuhesabiwa vivyo hivyo.

Je, jirani huyo angevunjaje kimya? Hebu mwanafunzi wa tafsiri alitazame tangazo kwa jicho la taaluma yake. Kichwa chake kwa kawaida ni maneno matatu, “change of user”. Katika Kiingereza cha kila siku neno la mwisho humaanisha mtu anayetumia kitu. Katika Kiingereza cha sheria ya ardhi humaanisha matumizi yenyewe. Hivyo basi mwenye kisomo cha sekondari anayepita langoni akalisoma bango anaweza kudhani kwamba ploti inabadilisha mtumiaji, yaani imepata mwenyewe mpya, akashika njia yake akiamini kwamba hayo ni mambo ya muuzaji na mnunuzi. Amesoma, na bado hakuarifiwa. Mfasiri naye asiyejua historia ya neno hilo ataandika “mabadiliko ya mtumiaji”, na kosa litahamia katika Kiswahili likiwa na mhuri wa kaunti. Anayestahili kulinasa kosa la aina hii ni mtaalamu wa semantiki na tafsiri, na wataalamu hao wamejaa katika idara za Kiswahili wakitafuta mada za tasnifu.

Kuna tukio jingine la kisemantiki ambalo limepita karibu bila kujadiliwa. Kwa miradi mikubwa inayohitaji uchunguzi wa athari za mazingira, Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 ziliagiza kwamba mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, arifa ichapishwe kwa majuma mawili mfululizo katika gazeti linalosambazwa kote nchini, na tangazo litolewe redioni katika lugha rasmi na lugha za wenyeji. Zilipoandikwa, lugha rasmi kwa desturi ilikuwa Kiingereza. Agosti 2010 Katiba mpya ikatangaza, katika Kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Maneno ya Kanuni yakabaki palepale, maana yake ikapanuka usiku mmoja. Isitoshe, Kanuni zilitaja gazeti la kitaifa bila kusema liwe la Kiingereza. Taifa Leo ni gazeti la kitaifa, nalo husomwa vinyozini na vibandani ambako hayo mengine hayafiki ila yakiwa yamefungiwa nyama.

Kielelezo kikubwa cha haya kimetoka Lamu. Kisiwa kilichowapa Waswahili tenzi zao kuu kilipangiwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, upande wa bara huko Kwasasi. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016 kwa msingi wa ripoti ndefu ya kitaalamu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wakazi walipinga, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu moja kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa kuwa ushahidi ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika, kwa hiyo watu walielezwa mradi pasipo kuelezwa madhara yake. Funzo la Lamu kwa mwanaisimu ni kwamba kuhutubiwa si kuarifiwa, hata anayehutubu akizungumza Kiswahili sanifu.

Kwa upande wa pili yupo Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi mwaka 2007. Sumu ya risasi iliingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake Desemba 2024. Miaka 17 ni muda mrefu kwa kulipia jambo ambalo lilipasa kusikizwa kabla ya tofali la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba lugha si kizuizi, na hoja yao ina uzito. Wakazi wa Kilimani na Kileleshwa husoma Kiingereza bila taabu, wana vyama vya mtaa na mawakili, na bado ghorofa zimechipuka pande zote kama uyoga. Ni kweli: tangazo lililoeleweka halizuii jengo peke yake, na pesa zina sauti yake katika afisi za upangaji. Lakini angalau wakazi hao hushindwa wakiwa uwanjani. Mkazi wa Kayole, Kisauni au Kondele hushindwa kabla hajajua kwamba kulikuwa na mchezo. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii haistahili hata dakika. Ploti, mpaka, ghorofa, maji taka, kisima na makazi ya familia moja ni maneno ambayo vibarua wa mjengo huyatumia kila asubuhi. Bunge la Taifa lilitoa Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili mwaka 2019, kitabu kizima. Tangazo la aya moja si mlima.

Linalohitajika ni dogo na linapimika. Tangazo la Kiswahili lijibu maswali ambayo jirani huuliza: ploti ni ipi, kwa jina la mahali na si nambari tu, sasa ni nini na inataka kuwa nini, ghorofa ngapi, maji taka yataelekea wapi, pingamizi lipelekwe kwa nani, na tarehe ya mwisho ni ipi. Tarehe, si “siku 14”, maana msomaji hajui zilianza kuhesabiwa lini. Asiyeona tangazo naye hana haja ya kusubiri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema wazi kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na afisi ya umma inapaswa kulijibu katika muda usiozidi siku 21. Mkazi aweza kuuliza kwa lugha yake kama kuna ombi lolote lililowasilishwa kuhusu ploti inayopakana na yake. Ni barua ngapi za namna hiyo ambazo kaunti zimewahi kupokea kwa Kiswahili? Vyama vya wanafunzi, ambavyo kila mwaka hupanda jukwaani kukitetea Kiswahili kwa mashairi, vingeweza kuandika mfano mmoja wa barua hiyo na mmoja wa tangazo, vikaupeleka wa pili katika idara ya upangaji ya kaunti chuo kilipo, na wa kwanza katika kinyozi kilicho nje ya lango la chuo. Kazi ya alasiri mbili, tatu zikizidi.