Ngazi Zilizomtisha Mama Mkwe

Leo nakukaribisha ndani kwangu, hapa Masasi. Tena usikae sebuleni, twende moja kwa moja kwenye ngazi.

Tulihamia kwenye kighorofa chetu kikiwa hakijamaliziwa, kama wengi wetu tunavyofanya. Ngazi zilikuwa zege tupu, hazina hata reli. Sisi tukazizoea, asubuhi tunashuka mbio mbio na mikoba begani. Ndipo mama mkwe akaja kutoka Newala kukaa nasi. Siku ya kwanza alipanda kwa mikono na magoti. Siku ya pili akatandika mkeka sebuleni, eti huku chini kuna hewa. Wiki nzima nikadhani amenuna kwa sababu ya mapishi yangu!

Nilipomuuliza, akacheka. "Mwanangu, usichana wangu wote nimeshuka bondeni kufuata maji na kupanda na mtungi kichwani. Mlima siuogopi. Ila kuna ngazi yenu moja inanidanganya mguu."

Anayeijua Newala anaelewa. Mji uko juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, maji yako chini kabisa. Mtu wa namna hiyo akikwambia ngazi ni mbaya, usibishane naye.

Nikachukua futi kamba. Vipandio tisa vya chini vilikuwa na kimo cha sentimita 16 kila kimoja. Cha kumi, kabla ya kona, kilikuwa na 21. Mguu huwa unahesabu wenyewe. Ukishazoea 16, hiyo 21 inakukwaa. Kipandio kizuri kina kimo cha kati ya sentimita 15 na 18, na sehemu ya kukanyaga 25 hadi 30, lakini kubwa kuliko yote ni vilingane.

Sasa hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Mwenzangu alikuwa na hela za korosho na ndoto ya marumaru nyeupe zinazong'aa kama za hoteli. Nikamwambia marumaru za kuteleza kwenye ngazi ni hatari, miguu ikiwa na maji ndiyo usiseme. Akanuna siku mbili. Nikamkumbusha kwamba korosho zenyewe ni za shamba la mama yake. Ataukatiza vipi uzee wa mama kwa hela za mama? Hakujibu, lakini kesho yake alirudi na fundi mwashi.

Fundi hakubomoa. Alichokoa zege kwa patasi ili sakafu mpya ishike, kisha akainua kipandio cha kwanza nusu sentimita, cha pili sentimita moja, hivyo hivyo hadi cha tisa, sentimita nne na nusu. Vyote kumi vikawa na kimo cha 16 na nusu. Juu tukaweka saruji yenye rangi nyekundu, ile ya nyumba za zamani, na mistari mitatu ya kuzuia kuteleza ukingoni. Nyuso za vipandio tukapaka nyeupe, jicho lione kila kimoja kinapoishia. Taa tukaifungia swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Jamani, hii swichi ya pili ni bei ndogo na watu hawaiweki!

Reli ni ya mninga, imesimama kama sentimita 90 kutoka kwenye kipandio, imepigwa msasa mpaka haina kibanzi. (Ukinunua mbao, dai risiti na uulize kibali. Usije ukapamba nyumba kwa mali ya wizi.) Mwenzangu naye nikamwachia nguzo ya chini aipambe atakavyo. Akapeleka gogo la mpingo kwa mchongaji, akarudi na ujamaa: watu wamebebana, mmoja juu ya mwingine, wote kutoka kwenye gogo moja. Nikiri, imezishinda marumaru zake kwa mbali.

Mama sasa analala juu. Kila akishuka humshika kichwani yule aliye juu kabisa ya wenzake, na vanishi imeshaanza kutoka hapo.