Makosa mia, chanzo kimoja

Mfanyabiashara aliyeagiza programu ya hesabu za ghala asishtuke akiambiwa kompaila, yaani mtambo unaogeuza maandishi ya fundi kuwa amri za kompyuta, imetoa makosa mia. Katika lugha ya C, nukta mkato moja ikisahaulika, lawama huangukia mstari unaofuata, pengine hata faili jingine. Fundi mzuri husahihisha kosa la kwanza, kisha hujaribu upya. Anayebadili mistari kumi kwa mpigo anakula fedha yako.

Sisi tunahofia zaidi kompaila inaponyamaza. Malipo ya mwisho yasubiri majaribio ya hesabu halisi. Programu ya Knight Capital ya Marekani haikuzuiwa na kompaila. Agosti 1, 2012, ilipoteza dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi.