MAONI YETU: HISA SI HATI



Tangu treni za reli mpya zilipoanza kufika Mai Mahiu na Suswa mwezi wa Oktoba 2019, madalali wa ploti wamekuwa wengi kama kumbikumbi baada ya mvua. Leo twataka kusema waziwazi juu ya hasara inayowapata wafanyakazi wenzetu.

Mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliweka akiba miaka saba, akanunua ploti. Alipewa barua ya mapatano yenye mashahidi wawili, akajenga chumba cha mabati. Muuzaji alipofariki, wanawe walisema hawamjui. Alipokwenda kuuliza, akaonyeshwa kwamba daftari la ardhi lina jina la kampuni iliyonunua shamba zamani. Marehemu alikuwa na karatasi ya hisa tu.

Jambo hili lina mizizi. Baada ya Uhuru mwaka 1963, walowezi wengi wa Bonde la Ufa waliuza mashamba yao. Wazee wetu hawakuweza kununua shamba zima mtu mmoja mmoja, basi walichanga katika makampuni na vyama vya ushirika, wakapewa hisa. Mwaka 1986 serikali iliamuru makampuni hayo yawagawie wanachama ardhi, kisha yafungwe. Hata hivyo wapo waliokufa bila kuona hati.

Sheria ya mwaka 1967 yasema kuuziana shamba la kilimo bila kibali cha Bodi ya Ardhi ni bure, na kibali kiombwe kabla ya miezi 6 tangu mapatano. Asiyekipata aweza kudai fedha zake kama deni, si shamba.

Kwa nini basi watu huikwepa njia hii? Si kwa ujinga. Ushuru wa stempu ni shilingi 2 kwa kila 100 mashambani, na 4 mjini. Huo twaujua mapema. Kinachotushinda ni mpima, wakili, nauli, na ile "njoo kesho". Tajiri hutuma karani. Sisi tukienda ofisini mara tano, mshahara wa siku tano umekwenda. Sheria ni moja kwa wote, lakini bei ya kuifikia si moja. Ndiyo sababu maskini hununua kwa maneno matupu.

Si kwetu tu. Huko Urusi mwaka 1992, serikali ilipoanza kuuza viwanda vyake, kila raia alipewa karatasi ya kudai sehemu yake. Wengi waliziuza kwa bei ndogo, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuzigeuza kuwa mali. Wachache wakakusanya.

Basi twashauri hivi. Mtu asitoe hata senti kabla ya kuona jina la muuzaji katika daftari la ardhi. Asimalize kulipa kabla ya kibali cha Bodi. Na wenye ploti katika shamba moja wachague wajumbe wawili, wachange nauli, wamlipe mpima mmoja na wakili mmoja. Chama nacho kiombe ofisi za ardhi zibandike mlangoni bei zote na siku za kungoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuliungana kudai mshahara. Tusitawanyike siku ya kuutumia.