Aya juu ya kikasha cha kishikwambi



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu, juma lililopita baada ya sala ya Alasiri alinijia seremala mmoja wa hapa kwetu Kaloleni, Kisumu, mkononi ana kipande cha mvule kilichopigwa randa kikang'aa. Kijana huyu hutengeneza vitanda na kabati, na siku hizi hutengeneza pia vikasha vya mbao vya kuhifadhia vishikwambi, yaani hizo tableti wanazosomea watoto wetu. Mama mmoja alimtaka amchongee Ayatul Kursiyyu juu ya kifuniko, naye angeongeza malipo. Akaniuliza: "Sheikh, nichonge? Karo ya mwanangu haijatimia, lakini moyo umesita."

Nikamwambia, moyo wako umekuongoza vyema. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake At-Tibyan kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni makuruhu kuchora Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu juu ya kuta na nguo. Ikiwa ukuta uliosimama mahali pake umekatazwa, sembuse kikasha kinachotembea? Mtoto atakiweka sakafuni, atakiegemea, atakishika kwa mkono wenye mchuzi wa samaki, na pengine ataingia nacho msalani. Aya iliyomo ndani ya kishikwambi hutoweka kioo kinapozimwa, na ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama hizi hawakukihesabu kuwa msahafu. Aya iliyochongwa haitoweki.

Lakini kukataza bila kuonyesha njia si nasaha. Nikamshauri amtengenezee mama yule marufaa. Wazee wetu waliitengeneza kwa ubao mmoja tu: hupasuliwa katikati ya unene wake, na bawaba hukatwa ndani ya mti wenyewe, pasi na msumari wala gundi, kisha hufunguka kama mkasi. Kishikwambi kikikaa juu yake, mtoto hunyoosha mgongo, na kifaa hubaki sebuleni mbele ya macho ya mama, si chini ya shuka usiku. Kama pambo linatakiwa, yapo maua na mizunguko kama ya milango ya Lamu.

Na anayetaka kikasha, achague mbao iliyokauka barabara, kwani mbichi hujikunja. Ndani kitandikwe kitambaa laini, na iachwe nafasi ya waya wa chaji na ya hewa, maana joto huharibu kifaa.

Mama alikubali marufaa, Alhamdulillahi. Ila akataka bei ipunguzwe, kwa hoja kwamba maandishi hayapo tena. Hapa, mama zangu, ndipo penye mtihani. Kukata bawaba ile ni kazi nzito kuliko kuchonga herufi. Patasi ikiteleza mara moja, ubao wote umeharibika. Kijana ameacha pesa kwa kuheshimu maneno ya Mola wake. Je, sisi tumwadhibu kwa uchaji wake? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Nabii Zakariya alikuwa seremala. Basi kazi hii isidharauliwe. Nilimweleza mama hayo kwa upole. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa bei kamili.

Mimi nilianza alifu kwa ubao na wino, tukikosha tukiandika tena. Mti ulibeba elimu kabla ya kioo, na leo unabeba kioo chenyewe. Tuulizane basi: juu ya marufaa ile, mtoto anasoma nini, na nani ameketi karibu naye?

Wabillahi tawfiq.