Ngong, Mji wa Chini ya Vilima
Ukivitazama vilima vya Ngong kutoka Nairobi, utadhani ni vifundo vya ngumi iliyolazwa. Mji ulio chini yake una jina la Kimaasai, ambalo wenyeji hulihusisha na chemchemi ya kifaru. Kifaru keshatoweka. Mwaka wa 1993 mitambo ya umeme wa upepo ilisimamishwa vilimani, na mwaka wa 2019 reli mpya ikaanza kupitisha abiria Ngong. Wafanyakazi wa Nairobi walifuata hewa safi na ploti, nayo malisho yakageuka nyumba za kupangisha. Mji umepanuka, lakini mgeni asimsahau mwenyeji. Kabla hujanunua ploti huko, ulizia mambo mawili: maji yatatoka wapi, na ng'ombe watapita wapi?