Skafu ndefu iache nyumbani: shingo, baiskeli na baridi ya Wageningen

Nilikuwa kimya kwa ajili ya mitihani, si mnajua tena mambo ya shule. Imepita salama, tunamshukuru Mungu. Sasa kabla masomo hayajachanganya upya, nataka nijibu swali ambalo nimeshaulizwa na wadogo zangu wanne wanaotegemea kuingia huku Wageningen mwezi wa pili: "Kaka, nije na skafu ya aina gani?"

Jibu langu ni fupi na najua wapo watakaobisha: usije na skafu. Njoo na kile mimi nakiita soksi ya shingo, yaani kitambaa cha mviringo kinachovutika, unakipitisha kichwani kinakaa shingoni, ukitaka unakipandisha mpaka puani. Wengi wanakiita Buff, ingawa hilo ni jina la kampuni moja ya Hispania.

Mtasema huyu naye kakosa mada ya kuandika, ati shingo! Jamani, sio utani. Hapa Uholanzi mwanafunzi asiye na baiskeli ni kama mvuvi asiye na ngalawa. Darasani, maabara, sokoni, ibadani, kwa wenzetu wikiendi kula ugali, kote huko ni baiskeli. Kuna mwenzetu mmoja kutoka Tanga, kijana mchangamfu kweli, ilipofika Novemba akauza baiskeli yake. Alisema upepo unamkata shingo kama kisu. Mpaka Februari alikuwa mtu wa chumbani na darasani tu, na ule uchangamfu wote ukaisha. Baridi haikumuua, ilimfungia ndani. Ndiyo maana nasema kitambaa cha euro chache kinaweza kuamua mtu ataishi vipi miezi yake minne ya kwanza ugenini.

Tuanze na baridi yenyewe. Januari hapa wastani wake ni nyuzi 3 au 4 hivi. Wenzangu wa Njombe na Makete watacheka, maana kule Juni na Julai mnaamka mnakuta nyasi zimeganda. Lakini tofauti ni kwamba baiskeli inajitengenezea upepo wake. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada tangu 2001, nyuzi 5 zikiwa na upepo wa kilometa 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inazisikia kama nyuzi 1. Nyuzi 0 kwa upepo huohuo unazisikia kama 5 chini ya sifuri. Na kilometa 20 kwa saa si mbio za mashindano, hiyo ni mtu anachelewa kipindi cha saa mbili asubuhi! Sasa chukua safari ya kwenda stesheni ya treni ya Ede-Wageningen, kilometa 7 au 8, sehemu kubwa ni mashamba ya wazi, upepo unakuja unavyotaka.

Mikono utavaa glavu, kichwani kofia, kifuani jaketi. Panapobaki ni kale kanafasi kati ya kola na kidevu, na upepo ukishaingia hapo unashuka mpaka kifuani. Jaketi la euro 150 linakuwa kama nyumba nzuri iliyoachwa mlango wazi.

Kwa nini basi sio skafu? Sababu ya kwanza ni usalama. Nyumbani kila mtu amesikia habari za khanga au mtandio kunaswa kwenye tairi la bodaboda. Huku ni hadithi ileile, ila kitambaa ni cha sufi. Mcheza dansi maarufu wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu kunaswa kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. Baiskeli haina nguvu ya gari, lakini ncha ya skafu ikiingia kwenye spoku au kwenye mnyororo, inayovutwa ni shingo yako, na nyuma yako kuna baiskeli nyingine ishirini na basi.

Najua mtakachojibu: "Mbona Waholanzi wenyewe wanavaa skafu ndefu?" Kweli wanavaa. Lakini waangalieni vizuri. Wanaizungusha mara mbili, wanafunga, ncha wanachomeka ndani ya koti. Halafu tazameni baiskeli zao, zile za kizamani za kukaa wima. Mnyororo umefunikwa wote kwa boksi, na gurudumu la nyuma lina kinga pembeni ambayo kwa Kidachi jina lake maana yake ni "kinga ya koti". Yaani hawa watu walishajua zamani kwamba nguo na gurudumu havipatani, wakaunda kinga. Sasa baiskeli ya mkono wa nne ambayo mwanafunzi ananunua kwa euro 60, hiyo kinga ilishang'oka, boksi la mnyororo limevunjika, hata taa ni ya kuombea. Usiige mavazi ya mtu kama huna baiskeli yake.

Sababu ya pili, skafu inalegea. Ukigeuza kichwa kuangalia nyuma kabla ya kukata kona, inafunguka. Unaanza kuirekebisha kwa mkono mmoja huku unaendesha kwenye barabara yenye barafu nyembamba... mwisho wake mnaujua.

Haya, umekubali soksi ya shingo. Unachaguaje?

Kwanza urefu. Iwe kama sentimeta 45 hadi 50. Fupi ya sentimeta 25 inatosha shingo tu, lakini siku ya upepo utataka kufunika masikio na mdomo huku ncha ya chini ikibaki ndani ya jaketi, mbele na mgongoni. Dukani fanya jaribio hili, usione aibu: ivae, funga zipu ya jaketi, inama kama umeshika usukani, kisha geuka kulia na kushoto. Ngozi ikionekana, irudishe. Ikikubana mpaka unameza mate kwa shida, irudishe pia.

Pili, kitambaa. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Pamba tunaipenda sisi watu wa joto, lakini kwa kazi hii haifai, inanyonya jasho na mvuke wa pumzi, inabaki mbichi, na kitu kibichi shingoni kwenye upepo ni adhabu. Flisi, ile yenye manyoya manyoya ya poliesta, ni rahisi, laini, inakauka upesi, ila upepo mkali unapenya. Sufi ndiyo mfalme. Inaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaisikia imelowa, na haishiki harufu haraka. Sufi ya kondoo wa merino ina nyuzi nyembamba, haiwashi kama yale masweta ya shule tuliyovaa. Ubaya wake ni bei, na ukiifua kwa maji ya moto inasinyaa, unabaki na soksi ya mtoto.

Ushauri wangu kwa mwenye posho ya kubana: nunua mbili za flisi, au moja ya flisi na moja nyembamba. Mbili, kwa sababu ya kwanza italowa kwa pumzi asubuhi na jioni unahitaji kavu. Ukitaka sufi bila kuumia, nenda maduka ya mitumba, huku yapo mengi. Tafuta pulneki ya sufi tupu, kata kola au mkono wake, pinda kingo kwa sindano, umemaliza. Kama lebo imetoka, chomoa uzi mmoja uuchome: sufi inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu ya kupondeka, poliesta na akriliki zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mtihani huo ufanyie nje, sio chumbani, king'ora cha moto huku hakina masihara.

Dada zangu mnaovaa ushungi, nyie mko mbele yetu, shingo tayari ina stara. Ila mtandio mwepesi wa Unguja haukutengenezwa kwa upepo wa huku, na ncha zake zina hatari ileile ya spoku. Jirani yangu Mzanzibari anavaa soksi ya shingo kwanza, ushungi juu yake, ncha zote ndani ya koti. Anaendesha kuliko wanaume wengi hapa, mimi nikiwemo.

Mambo machache ya kumalizia. Wenye miwani, mkifunika pua pumzi inapanda na miwani inafunga ukungu. Shusheni kitambaa kikae chini ya pua, hasa kwenye makutano ya barabara. Wenye pumu, kufunika pua na mdomo kunasaidia kwa sababu hewa inapata joto na unyevu kidogo kabla ya kufika kifuani, lakini dawa yako tembea nayo. Na ukishafika, shusha kitambaa mpaka shingoni. Tangu tarehe 1 Agosti 2019 sheria ya hapa inakataza kufunika uso kwenye majengo ya shule, hospitali, ofisi za serikali na vyombo vya usafiri wa umma. Hiyo ndiyo sababu nyingine sipendekezi lile boshori la kufunika uso mzima lenye matundu ya macho, kulivua na kulivaa kila mlango ni usumbufu mtupu.

Sisemi soksi ya shingo itazuia mafua, mafua yanaletwa na virusi, na mtayapata tu hehehe. Wala sisemi itaondoa giza la saa kumi na moja jioni. Nasema itakutoa nje, na huku ugenini nje ndiko waliko watu.

Kwa hiyo wadogo zangu, nafasi ya ile skafu kubwa kwenye begi wekeni dagaa na unga wa muhogo. Mwenye hoja ya kuitetea skafu aje nayo, tubishane kwa heshima. Naomba kuwasilisha.