Picha Moja Haitoshi Kumtambua Nzi

Nzi wa maua ni wadudu wa familia ya Syrphidae, yenye spishi zaidi ya 6,000 zinazojulikana duniani. Wengi wao wana mistari ya manjano na nyeusi mfano wa nyigu, ingawa hawana mwiba. Mwanafunzi makini humtenga nzi na nyigu kwa kuhesabu mabawa: nzi anayo mawili, nyigu manne. Ugumu huanza pale nzi anapofanana na nzi mwenzake.

Mfano mzuri unapatikana Ulaya. Linnaeus alieleza Syrphus ribesii mwaka 1758. Meigen akaeleza Syrphus vitripennis mwaka 1822, na Osten Sacken akaeleza Syrphus torvus mwaka 1875. Wakitazamwa kwa juu, wote watatu wana mistari ile ile. Jike la ribesii lina mapaja ya nyuma ya manjano, ilhali ya jike la vitripennis ni meusi kwa sehemu kubwa. Torvus ana vinyweleo machoni. Basi picha iliyopigwa kwa juu huonyesha urembo wote, lakini aghalabu huficha ushahidi wenyewe.

Hata hivyo, wako wanaodai jina kamili kutokana na picha ya namna hiyo, na programu za kompyuta hulitoa upesi. Jina hilo la kukisia likiingia katika kumbukumbu, huingia pia katika ramani za mtawanyiko wa wadudu. Madhara yake si madogo, kwani mabuu ya nzi hawa hula vidukari, adui wa mimea, na mkulima anahitaji habari za kweli.

Si kwamba kamera haina faida. Spishi kama Episyrphus balteatus, yenye mistari miwili miwili ya pekee tumboni, hutambulikana vema kwa picha. Kwa wengine yafaa kupiga picha kadhaa: juu, ubavuni, usoni na miguuni, na pengine hapana budi kumchunguza mdudu mwenyewe kwa hadubini.

Shuleni, basi, mwanafunzi anayeandika, "Syrphus; spishi haikutambulika kwa kuwa mapaja hayaonekani," anastahili alama nyingi kuliko mwenzake aliyebahatisha jina, hata kama jina hilo ni sahihi. Wa kwanza ametoa sababu inayoweza kupimwa. Wa pili ametoa bahati tu.